Diski Moja Haitoshi

Diski yoyote inayohifadhi data, iwe ya sahani zinazozunguka au ya chipu, ina mwisho wake, na mwisho huo hauji kwa miadi. Hilo ni jambo la kwanza ambalo sayansi ya uhifadhi wa data imelithibitisha pasipo shaka. La pili linatia moyo: data inaweza kudumu kuliko diski iliyoibeba, mradi iandikwe mahali pawili kwa wakati mmoja. Kompyuta ya mezani ya kawaida, mfumo huria wa Linux na diski mbili zinazolingana vinatosha kuifanya kazi hiyo. La tatu ndilo linalosahaulika. Kinga hiyo huwa kamili pale tu diski ya pili inapokuwa imeingia kazini kweli, imemaliza kunakili, na yupo mtu atakayejua siku mojawapo itakapokufa.

Haya si mambo ya mafundi peke yao. Kilo za korosho ambazo mkulima amefikisha kwenye chama chake cha msingi, tarehe za chanjo za mtoto, samaki waliopokelewa mwaloni, alama za mwanafunzi tangu kidato cha kwanza: katika ofisi nyingi vitu hivi sasa vimo ndani ya kompyuta moja, na ndani ya kompyuta hiyo mara nyingi mna diski moja. Siku diski hiyo ikifa, atakayeumia zaidi ni mtu ambaye pengine hajawahi kuiona.

Njia ninayoizungumzia huitwa RAID ya kioo, au RAID 1. Wafikirie makarani wawili wa chama cha ushirika walioketi meza moja, kila mmoja na daftari lake. Mkulima akitaja mzigo wake, wote wawili wanaandika. Karani mmoja akiugua, kazi inaendelea kwa daftari la mwenzake. Akiletwa karani mpya, anaketi na kunakili daftari zima kuanzia ukurasa wa kwanza, huku akiandika pamoja na mwenzake kila mzigo mpya unaoingia siku hiyo. Akimaliza kunakili, madaftari yanakuwa mawili tena.

Katika kompyuta, usimamizi huo waweza kufanywa na programu tupu, bila kifaa cha ziada. Linux ina sehemu yake ya ndani inayofanya kazi hii, na fundi huiendesha kwa programu ndogo iitwayo mdadm. Hakuna kadi maalumu ya kununua. Tena, kompyuta yenyewe ikiharibika, diski zake zinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine yenye Linux na zikasomeka. Kwa ofisi inayotegemea kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine, hiyo ni nafuu kubwa.

Elimu hii ilipatikana hatua kwa hatua. Kuandika data mara mbili kulikuwa kukitumika tangu miaka ya 1970 katika kompyuta za mabenki na kazi nyingine zisizoweza kusimama. Mwaka 1988 watafiti watatu nchini Marekani walichapisha makala iliyoliweka wazo hilo kwenye hesabu. Wakati huo kompyuta kubwa zilitegemea diski kubwa za bei ghali. Watafiti hao waliuliza kama diski nyingi ndogo, zile za kompyuta za mtu binafsi, zingeweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa kwa gharama ndogo.

Jibu la kwanza lilitisha. Diski ndogo ya aina waliyoichunguza ilikadiriwa kudumu saa 30,000 kwa wastani. Ukiunganisha diski 100 za namna hiyo, wastani wa muda kabla ya mojawapo kufa unashuka hadi saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Jibu la pili ndilo lililobadili mambo: ukiongeza diski za ziada zinazobeba nakala au hesabu za kurejeshea data, na ukaibadilisha upesi ile iliyokufa, kundi zima linaweza kuaminika kuliko ile diski moja kubwa. Walizipanga njia hizo katika ngazi tano, na ngazi ya kwanza ndiyo kioo.

Sharti la kubadilisha upesi ndilo uti wa mgongo wa ugunduzi wote, na hesabu ndogo inaonyesha sababu yake. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila diski ina uwezekano wa asilimia 3 wa kufa katika mwaka. Ofisi yenye diski moja ina hatari hiyo yote: mara 3 kati ya 100. Ofisi yenye kioo, ambayo hugundua diski iliyokufa na kuweka nyingine ndani ya wiki moja, itapoteza data endapo tu ya pili itakufa katika wiki hiyohiyo. Ukizidisha, unapata kama mara 1 kati ya 29,000 kwa mwaka. Lakini iwapo hakuna anayetazama mwaka mzima, uwezekano wa diski zote mbili kufa ndani ya mwaka huo unapanda hadi takriban mara 1 kati ya 1,100. Diski ni zilezile, umeme ni uleule, na hatari imeongezeka zaidi ya mara 25. Na ukianza mwaka unaofuata diski moja imeshakufa bila mtu kujua, umerudi kwenye mara 3 kati ya 100, huku ukiamini kwamba una kinga.

Hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba diski moja haijui habari za mwenzake. Uhalisia ni mgumu kidogo. Mwaka 2007 zilitoka tafiti mbili kubwa, kila moja ikifuatilia diski zipatazo 100,000 au zaidi zikiwa kazini. Watengenezaji walikuwa wakiandika kwenye maelezo ya bidhaa zao kwamba diski hudumu saa milioni moja au zaidi kwa wastani, maana yake chini ya asilimia 1 ingekufa kwa mwaka. Utafiti mmoja ulikuta kwamba diski zilizobadilishwa kwa mwaka zilikuwa kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na katika baadhi ya mifumo zilifika asilimia 13. Ulionyesha pia kuwa vifo vya diski hufuatana kwa makundi kuliko bahati nasibu ingetabiri. Utafiti wa pili ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kuu za onyo ambazo diski hujirekodia zenyewe. Kwa hiyo kusubiri diski iugue ndipo ununue mwenzake ni kubahatisha.

Mwaka huohuo utafiti mwingine, wa diski zaidi ya milioni 1.5 zilizofuatiliwa kwa miezi 32, ulitazama kasoro iliyofichika zaidi. Ni vipande vidogo vya diski ambavyo haviwezi tena kusomeka, lakini hakuna anayejua kwa kuwa hakuna aliyeviomba. Asilimia 3.45 ya diski hizo zilikutwa na kasoro hiyo angalau mara moja. Faili la miaka mitano iliyopita linaweza kuwa limeharibika leo, na habari zikaja siku ya kulihitaji.

Tafiti hizi zina mipaka yake. Zilifanyika kwenye mifumo mikubwa inayotunzwa na wataalamu, si kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ambako umeme hukatika bila taarifa na vumbi huingia kwa dirisha. Asilimia zake hazifai kuchukuliwa kama utabiri wa diski yako. Mwelekeo wake ndio wa kubeba: diski hufa zaidi ya ahadi ya lebo, hufa bila kuaga, na zilizofanana zinaweza kufa kwa kukaribiana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kuongeza diski ya pili. Ofisi nyingi hujikuta na kioo nusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya bajeti: fundi mwenye kuona mbali hujenga kioo chenye nafasi mbili, akaweka diski moja, nafasi ya pili akaiacha wazi hadi fedha zipatikane. Linux inaruhusu hivyo, na ni busara, maana huhitaji kuanza upya baadaye. Njia ya pili ni kifo kisichosikika: diski moja imekufa, kompyuta inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa, na hakuna aliyetazama. Hali zote mbili huonekana kwa namna moja. Fundi akifungua faili la taarifa liitwalo /proc/mdstat, ataona alama [U_]. Herufi ni diski iliyo kazini, mstari ni pengo. Kioo kamili huonyesha [UU].

Kabla ya kugusa chochote, data yote inakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, nayo itengwe. Sababu inatokana na ule utafiti wa kasoro zilizofichika. Kuingiza diski mpya hulazimisha diski ya zamani isomwe yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na pembe ambazo pengine hazijasomwa kwa miaka. Ikiwa ina kasoro, zitajitokeza saa hiyohiyo, wakati ndiyo pekee iliyobeba kila kitu.

Kisha ichaguliwe diski inayofaa. Lazima ilingane na ya kwanza au iizidi. Ikipungua hata kidogo, mfumo utaikataa. Diski yenye lebo ya gigabaiti 240 haitaingia kwenye kioo kilichojengwa kwa ile ya 250. Inafaa pia isitoke kwenye fungu lilelile la kiwandani na ile ya kwanza, ili kasoro moja ya utengenezaji isizipate zote mbili. Kwa diski za chipu sababu iko wazi zaidi: chembe zake huchakaa kwa kuandikwa, na katika kioo diski zote mbili huandikwa vilevile.

Fundi anapaswa kuzitambua diski kwa namba za usajili zilizochapwa juu yake, si kwa majina ambayo mfumo huzipa, kwa kuwa majina hayo yanaweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya. Kosa linaloogopwa hapa ni kuelekeza amri kwenye diski isiyo yake, ikafutwa ile yenye data. Karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya kila diski, yenye namba na tarehe ya kuingia kazini, huzuia msiba huo.

Diski mpya ikishagawanywa sawa na ya kwanza na kuongezwa, programu huanza kunakili yenyewe. Haijui faili wala folda. Hunakili kila kipande, hata kilicho tupu. Terabaiti 1 kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 3. Terabaiti 4 kwa megabaiti 150 huchukua zaidi ya saa 7. Karani anaweza kuendelea na kazi yake muda wote huo, ingawa programu itapunguza mwendo ili kumpisha. Heri kazi hiyo ifanyike jioni, kompyuta ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima, maana umeme ukikatika ghafla sehemu ya kazi huenda ikarudiwa.

Kuna hila moja ambayo kila mwenye ofisi anapaswa kuijua, hata kama hatagusa kibodi. Ikiwa kioo kilijengwa kikiwa na nafasi moja tu, diski ya pili itakapoongezwa haitanakiliwa chochote. Mfumo utaipokea kama diski ya akiba, ikae ikisubiri. Imefungwa ndani ya kasha, taa zinawaka, risiti ipo, na haina hata herufi moja ya data yako. Fundi lazima akipanue kioo kiwe na nafasi mbili ndipo kunakili kuanze. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa kwamba diski imewekwa. Omba uoneshwe ile [UU].

Hila ya pili ni ya kuwasha. Kioo kinaweza kuwa kimenakili data yote, lakini programu ndogo inayoiamsha kompyuta ikawa ipo kwenye diski ya kwanza peke yake. Siku hiyo ya kwanza itakapokufa, ya pili itakuwa na kila kitu na bado kompyuta isiwake. Fundi anapaswa kuiweka programu hiyo kwenye diski zote mbili. Hilo linaweza kujaribiwa: baada ya kunakili kuisha na nakala ya nje kuwapo, kompyuta huzimwa, diski ya zamani huchomolewa, na huwashwa kwa ile mpya. Ikiwaka, kazi imethibitika. Ikisharudishwa diski ya zamani, itaongezwa tena kwenye kioo na kusubiriwa ilingane na mwenzake, na uhakika wa siku hiyo unastahili subira hiyo.

Kwa mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi, faida yake iko kwenye msimu. Mzigo unapokelewa na chama, unaingia ghalani, unauzwa mnadani, na malipo hufuata kumbukumbu za mzigo. Diski ikifa katikati ya msimu, chama chenye kioo kitaendelea kufanya kazi mchana huohuo. Kisicho nacho kitarudi kwenye vijikaratasi, na mzozo wa kilo za nani ni zipi utachukua muda ambao mkulima anasubiri fedha za ada ya shule.

Kwa mama, kadi ya kliniki inaweza kulowa au kupotea wakati wa kuhama nyumba. Kumbukumbu iliyo zahanati ndiyo itakayomwambia muuguzi ni chanjo ipi imebaki. Kwa mvuvi wa Ziwa Victoria au wa pwani, takwimu za kikundi cha usimamizi wa fukwe, ile BMU, zina thamani zikifululiza miaka mingi. Pengo la miezi sita ni vigumu kulijaza, kwa kuwa samaki wa mwaka jana hawapimwi tena. Kwa mwanafunzi, alama za kila muhula na tasnifu iliyokaribia kukamilika ni jasho lisilokusanyika mara mbili.

Pamoja na matumaini hayo, mipaka ya kioo isemwe wazi. Kioo hunakili makosa kwa uaminifu uleule kinaonakili mema. Ukifuta faili, limefutwa kwenye diski zote mbili papo hapo. Virusi vya kuteka data vikiingia, vitafunga nakala zote mbili. Mwizi hubeba kasha lote. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na pigo moja kupitia nyaya za umeme linaweza kuchoma diski zote kwa pamoja. Kwa hiyo kioo hakichukui nafasi ya nakala rudufu. Kioo huifanya kazi isisimame. Nakala rudufu huirudisha kazi iliyopotea. Kanuni inayokubalika kwa wengi ni kuwa na nakala tatu za data, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali na jengo. Kwa ofisi ndogo, diski mbili za nje zinazopokezana kila wiki, moja ikilala nje ya ofisi, zinaikaribia sana kanuni hiyo.

Tahadhari nyingine ni ya faragha. Kila diski ya kioo imebeba data yote, si nusu. Ile inayochomolewa kwa ajili ya kubadilishwa inaondoka na majina ya wagonjwa au akiba za wanachama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata pasingekuwa na sheria, heshima kwa watu hao ingedai vivyo hivyo. Diski isifike kwa muuza vifaa vilivyotumika kabla ya kufutwa kabisa au kuharibiwa.

Iliyobaki ni kazi ya uangalizi, na haina gharama kubwa. Programu ya mdadm inaweza kutuma barua pepe diski inapokufa, ikiwa imepangwa kufanya hivyo na ikiwa yupo anayeisoma. Mara moja kwa mwezi mfumo unaweza kuamriwa usome diski zote mbili kikamilifu, ili kasoro iliyofichika igunduliwe wakati bado kuna nakala nzima ya kuirekebishia. Pasipo intaneti ya uhakika, mtu mmoja apewe jukumu la kutazama alama ile kila Jumatatu na kutia saini kwenye daftari. Hapo ndipo hesabu ya mara 1 kati ya 29,000 inapopatikana: haikai kwenye diski, inakaa kwa yule anayetazama.

Kwa hiyo mjumbe wa kamati ya shule, chama au zahanati, katika kikao kijacho, ana haki ya kuuliza mambo matatu hata kama hajawahi kuandika amri moja ya kompyuta. Je, diski zetu zote mbili zimo kazini leo, na nani ameona? Diski ya kwanza ikifa usiku huu, kompyuta itawaka kesho asubuhi kwa ile ya pili, na hilo limejaribiwa lini? Na kasha zima likiungua, nakala yetu ya nje iko wapi? Majibu yakipatikana, kamati imefanya kazi yake. Yakikosekana, bajeti ianze na diski mbili: moja ya kukamilisha kioo, na nyingine ya kulala mbali na ofisi.